Msizime Mashine

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wake wa kuzama Kizamani alipofunga karakana, akatia bisibisi, koleo ndogo na chuma cha kulehemu kwenye mkoba, akaanza kupanda kilima kwenda kwa Mstaafu. Hakuwa na hamu ya kwenda. Kiuno kilimuuma, macho yalimuwasha kwa moshi wa kulehemu, na alichotamani ni kurudi nyumbani, avue viatu, akae kimya. Lakini Mstaafu alimpigia simu mchana na kumwambia, kwa ile sauti yake ya chini ambayo mtu huona aibu kuikatalia:

"Kuna mashine moja imezimika, fundi. Njoo uitazame kabla giza halijaingia."

Akapiga simu nyumbani kusema atachelewa.

"Usinisubiri, Dada."

"Nitakusubiri vipi," Dada yake akajibu kivivu. "Saa hizo nitakuwa nimeshalala."

Jina la Kizamani alipewa na mtaa, kwa sababu alitengeneza kompyuta za zamani na si nyingine. Ukimletea simu, anakuelekeza duka la pili. Ukimletea kompyuta ya juzi, nyembamba kama sahani, anaigeuzageuza mikononi kisha anakurudishia kwa adabu. Lakini mletee lile sanduku zito la miaka ile, lenye kioo cha kitambi kwa nyuma na plastiki iliyogeuka njano kama meno ya mvutaji, hapo uso wake unakunjuka na kiti unapewa.

Watu walimcheka, ila wateja hakuwakosa. Kulikuwa na kiwanda cha mabati ambacho mashine yake ya kukatia ilisikiliza kompyuta moja tu, kikongwe, na hiyo ikiugua kiwanda kizima kinabaki kuangaliana. Kulikuwa na daktari wa meno aliyependa kufunga zahanati yake, kuwasha kompyuta ya utotoni, na kucheza mchezo wa mpira unaogonga ukuta mpaka mkewe apige simu. Na kulikuwa na yeye mwenyewe. Alizipenda jinsi zilivyoamka: feni inavuma, mlio mmoja mfupi, halafu herufi za kijani zinajitokeza kwenye weusi moja moja, kama mzee anayekumbuka jina lake. Hazikukuuliza wewe ni nani. Hazikukuletea habari za dunia. Zilisubiri uziambie cha kufanya, zikafanya hicho, zikanyamaza. Kwa mtu aliyechoka, huo ulikuwa urafiki wa kutosha.

Mstaafu ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa mwaka huo. Alistaafu kutoka wapi, hakuna aliyejua. Alikuja na gari dogo, kila mara na mashine moja iliyofungwa kwenye shuka safi, na zote zilikuwa za aina moja, zimetoka ofisi moja, maana kila moja ilikuwa na kipande cha utepe mwekundu ubavuni. Hakubishania bei. Hakukaa kupiga soga. Alikuwa mtu mzima, lakini ukimtazama usoni hukuona mkunjo hata mmoja, kama mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi.

Jambo moja tu lilikuwa limemkera Kizamani. Kibodi alizokuwa anamsafishia zilirudi baada ya muda mfupi zikiwa chafu tena. Si vumbi la nyumba. Alipozifungua alikuta nywele, unga wa ngozi, na ule utando wa mafuta ya vidole unaoachwa na mtu anayechapa kutwa. Baadhi zilinuka dawa ya kuchua.

"Unazitumia sana, mzee?" aliwahi kumuuliza.

"Zinatumika," Mstaafu akajibu.

Dawa ya kuchua Kizamani aliijua vizuri, maana nyumba yake nzima ilinuka hiyo. Dada yake alikuwa akijipaka vidoleni asubuhi na jioni. Dada huyo ndiye aliyemlea. Wazazi walipoondoka, mmoja nyuma ya mwingine, yeye msichana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule alijifunza kupiga taipu, akaajiriwa mchapaji kwenye ofisi iliyokuwa ikiingiza kadi za wakazi kwenye kompyuta, akamsomesha mdogo wake mpaka akawa fundi. Ofisi ile ilifungwa zamani. Sasa uzee ulikuwa umemrudisha chini ya paa moja na mdogo wake, na wangeishi vizuri tu kama si ule uchovu.

Ulianza mwaka huo. Kila jioni, jua likizama, usingizi ulimwangukia Dada kama gunia. Hakuwa na ujanja nao. Ungemkuta amelala kwenye kiti, kijiko mkononi. Aliamka watu wameshakula, na aliamka kachoka kuliko alivyolala, vifundo vya vidole vimevimba. Hospitali walipima damu, wakapima moyo, wakamwambia hana kitu, apumzike.

"Nipumzike vipi zaidi ya hivi?" Dada aliuliza. "Kulala kwenyewe ndiko kunakonichosha."

Wiki iliyopita alijikongoja kwenda kumzika Mama Pacha, mwenzake wa ofisini, aliyekuwa akikaa meza ya jirani yake miaka yote ile. Mama Pacha alikutwa kwenye kochi lake, jioni, kalala moja kwa moja. Dada aliporudi mazikoni hakuvua hata kitambaa cha kichwani.

"Wanasema ni uchovu," alimwambia mdogo wake. "Uchovu gani huo unaoua mtu, mdogo wangu?"

Kizamani alimwekea maji ya moto aloweke mikono.

Basi haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake alipofika kwenye geti la Mstaafu, mwisho wa kichochoro, mwanga ukiwa umebaki wa rangi ya majani makavu. Mstaafu alifungua kabla hajagonga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Pita. Muda si rafiki."

Alimpitisha ubavuni mwa nyumba mpaka chumba kirefu cha nyuma. Madirisha yalikuwa na mapazia mazito. Mstaafu akawasha taa moja ndogo, na Kizamani akasimama mlangoni.

Meza zilipangwa kwa safu, zote zikitazama ukuta mmoja. Juu ya kila meza palikuwa na mashine yake. Alizitambua zote, kila moja kwa jeraha lake: ile aliyobadilishia feni, ile iliyovujiwa na betri ikala bodi, ile ya ufa kwenye kona. Zilikuwa zimewaka, kimya, isipokuwa moja, kila kioo na kadi tupu ya kijani ikisubiri kujazwa. Kwa fundi wa mambo ya kale ilikuwa raha ya macho, na kwa muda mfupi aliifurahia.

Halafu akaona viti.

Kila kiti kilikuwa na kitu cha mtu. Mto mdogo wa kukalia uliobonyea katikati. Sweta lililotundikwa mgongoni mwa kiti. Chini ya meza moja, ndara zilizovuliwa na kuwekwa sambamba, kama mwenyewe ametoka mara moja kwenda msalani.

"Hizi ni za nani, mzee?"

"Za wenyewe," Mstaafu akasema. "Mashine yenyewe ni ile pale."

Ilikuwa safu ya pili. Kioo chake kilikuwa cheusi. Kizamani akapiga magoti, akafungua mkoba, akatoa skrubu za nyuma akazipanga kwenye kifuniko, kama kawaida yake. Akaangalia nyaya. Akaangalia bodi. Akapima umeme ulipoingia na ulipotoka. Hakuona kilichoungua, hakuona kilicholegea. Akaiwasha ikiwa wazi vilevile. Feni ikavuma, mlio ukatoka, kadi ya kijani ikajitokeza.

"Nzima hii," akasema.

"Inawaka," Mstaafu akamsahihisha. "Lakini haifanyi kazi."

"Umejaribu kuandika?"

"Mimi siandiki."

Kizamani akainama tena, aangalie labda waya wa kibodi. Mstaafu alikuwa amesogea nyuma yake, karibu mno. Hakusikia hatua zake. Hakusikia pumzi zake pia.

"Endelea tu, fundi. Napenda kukutazama ukifanya kazi."

Nywele za shingoni zikamsimama. Akajiambia ni uchovu. Ukingoni mwa pazia ule mstari mwembamba wa mwanga wa nje ukapungua... ukapungua... ukazimika.

Jua lilikuwa limezama.

Kwanza ilikuja harufu. Vumbi la moto, lile linalotoka kwenye mashine iliyowashwa muda mrefu. Halafu poda ya usoni. Halafu jasho la watu wengi kwenye chumba kimoja.

Halafu sauti.

Ta.

Kibodi moja, huko mbele.

Ta, ta.

Nyingine, ubavuni.

Kisha zote kwa pamoja, kama mvua inayofika kwenye bati. Kizamani aligeuza kichwa taratibu. Viti vilikuwa vitupu. Lakini vitufe vilizama na kuinuka, vikazama na kuinuka, na ile mito ya kukalia ilikuwa imebonyea zaidi ya mwanzo.

"Usiogope," Mstaafu akanong'ona. "Wameingia kazini."

"Akina nani?"

"Wachapaji."

Kwenye kioo cha karibu kadi zilijaa na kupita, zikajaa na kupita. Jina la mkazi. Nambari ya nyumba. Mtaa. Aliujua mtaa huo. Ulivunjwa wote kupisha barabara kuu, yeye akiwa bado anavaa kaptula za shule. Nyumba hizo hazipo. Wengi wa watu hao hawapo. Na bado waliingizwa mmoja baada ya mwingine, kwa umakini, bila kosa.

Mashine aliyoifungua tu ndiyo iliyokaa kimya, kadi yake tupu.

"Na hii?"

"Huyo amemaliza," Mstaafu akasema. "Wiki iliyopita. Nilitumaini ni ubovu wa mashine."

Wiki iliyopita... ndiyo wiki aliyozikwa Mama Pacha. Kizamani hakutaka kugeuka kutazama meza ya jirani. Lakini masikio hayana mapazia.

Dada yake alivunjwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto na mlango, utotoni, kikapona vibaya. Hakikukunjika tena. Ndicho kidole cha kugongea herufi A, na kwa hiyo kila A ya Dada ilichelewa kidogo. Alipokuwa mtoto Kizamani alifanya hesabu za shule kwenye meza ileile ambayo Dada alijifunzia taipu ya kuazima. Alilala usingizi kwa mlio huo usiku mwingi. Ta-ta-ta-ta... ta. Ta-ta... ta. Angeutambua popote duniani.

Ulikuwa unatoka kwenye meza ya jirani.

Akaenda kwa magoti. Dawa ya kuchua ilimjaa puani. Akaweka mkono kwenye egemeo la kiti. Lilikuwa na joto.

"Dada?"

Vitufe vikasimama. Vya meza hiyo peke yake. Vingine viliendelea kunyesha chumba kizima. Kwenye kioo, chini ya kadi iliyokuwa nusu, kialama cha kuandikia kikapepesa mara kadhaa. Halafu herufi zikaja, moja moja.

umekul

Kikapepesa. Kikapepesa.

a

Kizamani akaziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa pili ukaenda wenyewe kwenye waya wa umeme.

"Ukiizima hivyo," Mstaafu akasema nyuma yake, bila kupandisha sauti, "wewe mwenyewe fundi unajua. Kilichokuwa ndani hakirudi."

Alijua. Mashine hizi hazina huruma ya zile za siku hizi, zinazojihifadhia zenyewe. Maneno yaleyale alimwambia kila mteja aliyetoka karakanani kwake: hifadhi kwanza, utoke, ndipo uzime. Ukikata umeme katikati ya kazi, kazi imekwenda. Na hapa hakujua kazi ni ipi na mtu ni yupi.

Akauachia waya.

"Mwambie atoke."

"Sijamfunga. Mlango huo hapo. Hakuna hata mmoja niliyemfunga, fundi. Ni watu wa kazi hawa. Hawaachi kazi katikati."

Kizamani akaweka vidole juu ya kibodi. Vitufe vilikuwa vya moto. Na juu ya vidole vyake akahisi uzito mwepesi, mkavu, uliovimba vifundo, kama mtu anayemshika mtoto mkono kumfundisha kuandika.

"Dada, ni mimi," akanong'ona. "Ofisi ilifungwa. Twende nyumbani."

bado kadi chache

"Hakuna kadi, Dada. Mtaa wenyewe ulishavunjwa."

bado kadi chache

"Dada. Umechoka."

Kialama kikapepesa muda mrefu.

ndiyo

Kisha, taratibu, kila A ikichelewa:

bado kadi chache

Kizamani alikaa pale sakafuni, mtu mzima mwenye mvi. Kichwani ikamjia ngazi ya ofisi ile, alivyokuwa akikaa hapo baada ya shule akimsubiri. Wenzake wote wa Dada walishatoka, yeye bado yuko ndani anamalizia. Mlinzi alimwonea huruma akawa anamwingiza. Mtoto alimvuta sketi, alimwambia giza limeingia, alimwambia anaogopa, na Dada alisema sawa, sawa, bila kuinua macho. Kulikuwa na neno moja tu lililomtoa kwenye kiti.

Alilisema kwa aibu.

"Dada... nina njaa."

Uzito ule ukatoka juu ya vidole vyake.

Kwenye kioo kadi ya nusu ikafutika. Neno likaandikwa kwa haraka, kama na mtu aliyechelewa: hifadhi. Ndani ya mashine diski ikakoroma, ikahangaika, ikatulia. Halafu: toka.

Kiti kikasogea nyuma, kidogo tu, kwa mlio wa mguu wa mbao sakafuni.

Kioo kilikuwa kitupu. Kizamani akanyoosha mkono, akaizima mashine mwenyewe. Akasikiliza feni mpaka ikasimama.

Akasimama. Meza nyingine ziliendelea. Alitamani kwenda kwenye kila moja. Alikwenda kwenye iliyo mbele yake, akainama kwenye kiti kitupu chenye sweta, akafungua mdomo, na hapo akatambua hajui anamwita nani. Hakujua huyu alimlea nani, alimpenda nani, ni neno gani lingemwinua. Alisema tu, "Mama... nenda nyumbani." Vitufe havikusita hata kidogo.

Akaelekea mlangoni. Mstaafu hakumzuia. Alijibana pembeni ampishe, kama mwenyeji mwenye adabu.

"Mashine umeiacha wazi, fundi. Na mkoba wako."

Ukifanya kazi ya mikono miaka mingi, kuna maneno mdomo unayasema wenyewe, kila siku, kwa kila mteja. Kizamani aliyasema kabla hajafikiri.

"Nitarudi kuimalizia."

Mstaafu akatabasamu. Kizamani hakuwahi kumwona akitabasamu.

"Najua," akasema.

Njia nzima alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Mlango wa nyumbani ulikuwa wazi na taa ya jikoni inawaka. Dada alikuwa amesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, kitambaa kimemlegea kichwani. Amesimama, saa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

"Umechelewa," akasema. "Kaa ule. Sijui kwa nini nimeamka na wasiwasi hujala."

Kizamani alikaa. Alikula bila kujua anakula nini, machozi yakimwingia kwenye sahani, na Dada hakumuuliza kitu mpaka alipomaliza. Ndipo alipomweleza yote. Dada alisikiliza akikanda vidole vyake.

"Huyo mtu yukoje?"

Akamweleza. Sauti ya chini. Uso usio na mkunjo. Kutembea bila hatua.



"Siku ya mwisho ofisini," akasema, "alikuja mtu kununua mashine. Sisi tulishakusanya vitu vyetu, tunalialia, tunaagana. Akatuomba tukae kwenye viti vyetu mara moja tu, tuchape kidogo, azione zikifanya kazi. Tukakaa. Nani atakataa jambo dogo hivyo? Alipita nyuma yetu, mmoja mmoja, anatutazama. Akasema ameridhika, anazichukua."

"Ni yeye?"

"Uso siukumbuki. Nakumbuka tulipotaka kutoka, tufunge mashine kama tulivyofundishwa, alisema, 'Msizime. Acheni hivyohivyo.' Tukaacha hivyohivyo." Akamtazama mdogo wake. "Tulidhani ananunua mashine."

Asubuhi walikwenda pamoja, Dada akitembea mwenyewe, polepole. Getini walimkuta mwanamke anafua na watoto wanakimbizana. Alishangaa. Mzee gani? Wao wamekaa hapo miaka. Alikuwa mkarimu, akawaonyesha chumba cha nyuma wenyewe waridhike. Kulikuwa na magunia na baiskeli mbovu. Hakuna meza, hakuna mkoba wa fundi. Ila ukutani, usawa wa goti, palikuwa na soketi za umeme zilizopangwa kwa mstari kutoka kona hadi kona, nyingi kuliko stoo yoyote inavyohitaji. Mwanamke alisema alizikuta.

Dada alijitahidi kuwatafuta wenzake wa zamani. Wengine walishahama, hawapatikani. Mmoja alimkuta amelala jioni kwenye mkeka, binti yake akimpepea. Dada akamnong'oneza binti amwite mama yake kwa jambo ambalo mama huyo hawezi kulipuuza. Binti alidhani bibi huyu amepungukiwa akili, lakini alijaribu. Alisema mtoto anachemka homa. Mama yake akafumbua macho, akauliza dawa iko wapi. Huyo alipona. Mwingine, Dada alifika wakiwa wanatoa viti vya matanga uani.

Vidole vya Dada vilinywea. Jioni alikaa kibarazani akashona, akacheka na majirani, akasema amesahau jinsi anga la saa hizo lilivyo zuri. Mstaafu hakuonekana tena karakanani na hakupiga simu. Kizamani alinunua bisibisi mpya na chuma kipya, akaendelea na kazi zake. Kiwanda cha mabati kilimwita. Daktari wa meno alimletea mchezo wake uliogoma, wakacheza wote wawili mpaka wakachoka. Mtu angesema mambo yameisha.

Halafu jioni moja Dada aliingia ndani na kumkuta mdogo wake amelala kwenye kiti, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Hakumwamsha. Alijiambia amechoka na kazi. Kizamani aliamka watu wameshakula, akajinyoosha, akasema hajui usingizi umetoka wapi. Alikuwa na jeraha bichi kwenye kidole gumba, jekundu, la duara, la ncha ya chuma cha kulehemu. Siku hiyo hakuwa amekwenda karakanani. Ilikuwa siku ya mapumziko na alishinda uani akipalilia maua.

Wote wawili walilitazama jeraha lile. 

Sasa ni kila jioni. Dada anakaa kwenye kigoda karibu naye jua linapozama. Anamwita kwa jina lake la utotoni. Amemwita kwa chakula, amemwita kwa ugonjwa, ameshamwambia nyumba inaungua. Hafumbui macho. Dada ndiye aliyemlea na anamjua. Tangu yu mdogo, akishafungua kitu, saa ya ukutani, redio ya jirani, hakuna fimbo wala peremende iliyomwondoa mpaka akifunge tena kikiwa kizima. Na chumba kile, popote kilipo sasa, kina mashine nyingi, zote kongwe, na kikongwe hakiachi kuugua.

Kwa hiyo anamshika mkono tu. Anaufumbata kwa viganja vyake viwili, kwa nguvu, asipate nafasi. Na katikati ya viganja hivyo anavihisi vidole vya mdogo wake, vya moto, vinazunguka taratibu, kwa subira, vinafungua skrubu.